Rangi ya Leso na Unga wa Manjano

Akina mama wanaonunua leso Biashara Street, katikati ya jiji la Nairobi, wanaijua kadhia hii: leso nyekundu iliyong'ara mchana mlangoni pa duka, ikifunuliwa usiku nyumbani Kangemi, huonekana imefifia na kuingia hudhurungi. Mwenye duka hulaumiwa. Sisi twaona lawama haimstahiki. Aghalabu mwenye kosa ni globu ya bei rahisi, na hasa unga uliomo ndani yake.

Taa ya LED haizai mwanga mweupe kwa dhati yake. Kipande chake kidogo hutoa mwanga wa buluu, na Wajapani watatu waliokifanikisha, Akasaki, Amano na Nakamura, walitunukiwa Nobeli ya fizikia mwaka 2014. Juu yake hupakwa unga uitwao fosfa (si fosforasi ya viberiti), wa yitiriamu na alumini pamoja na chembe za seriamu. Unga huo hunywa sehemu ya buluu na kuitoa tena ikiwa manjano; rangi mbili hizo zikichanganyika, jicho huona weupe. Kampuni ya Nichia ilianza kuuza taa za namna hii mwaka 1996.

Weupe huo una upungufu wa wekundu. Kitambaa hurudisha tu rangi kilichopewa na taa. Isiyokuwamo hakina pa kuitoa. Na jambo zito kuliko leso: umanjano wa kichanga mwenye ugonjwa wa manjano waweza kufichika chini ya taa kama hiyo. Mama amtazame mwanawe mchana, karibu na dirisha, na akiona shaka ampeleke hospitali bila kukawia.

Ndipo wataalamu wakatafuta unga mwekundu wa kuongeza. Wamepata wa yuropiamu, na mwingine wa floraidi uliotiwa manganizi, ambao huogopa unyevu. Sisi wa pwani tungeutambua udhaifu huo upesi! Madini ya jamii ya seriamu, kwa hakika, yamo hata kilimani Mrima, Kwale.

Globu ya zamani ya wati 60, ikiwashwa saa 5 kila siku, hula yuniti 9 kwa siku 30. LED ya wati 9 yenye mwanga sawa hula 1.35. Basi anayekwenda Luthuli Avenue kununua asitazame wati pekee. Asome kwenye boksi alama ya Ra au CRI: 80 yatosha ukumbini, lakini jikoni na penye cherehani atafute 90.