Wazee Wasiachwe Katika Nyumba Zinazovuja

Ndugu msomaji, tazama nyumba za wazee kijijini kwako. Je, hazivuji? Kijana hupanda juu ya paa akaziba. Mzee aliyeishiwa nguvu hawezi. Hungoja mvua ikatike.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema mzee ni mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi. Kuwatunza wazee ni kazi ya familia na jamii. Kijiji kinaweza kuwajengea kwa gharama ndogo.

Vyumba vya safu moja

Jengeni vyumba vinavyofuatana, kila kimoja na mlango wake. Tufanye hesabu. Vibanda 4 vilivyo mbalimbali vina kuta 16. Vyumba 4 vya safu moja vina kuta 13 tu, kwa sababu majirani hutumia ukuta mmoja. Tena mzee akiugua usiku, akiita, jirani atasikia.

Fedha zikiwa chache, jengeni chumba kimoja mwaka huu. Mwakani ongezeni cha pili. Lakini choreni ramani ya vyumba vyote mwanzoni. Vipimo viwe sawa. Hivyo milango na mabati vitakatwa kwa kipimo kimoja.

Matofali bila kuni

Matofali ya kuchoma hula kuni nyingi. Matofali ya kufungamana hayachomwi. Hutengenezwa kwa udongo na saruji kidogo, yakashindiliwa kwa mashine ya mkono. Msitumie udongo wa juu wenye mizizi. Chimbeni chini yake. Matofali yakitoka, yafunikeni na kuyamwagilia maji kwa siku zisizopungua 7. Yana meno yanayoshikana, kwa hiyo saruji ya kujengea huwa kidogo. Mstari wa kwanza upimeni vizuri kwa pimamaji. Ukipinda, ukuta wote utapinda.

Jua na hewa

Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini. Kuta za mashariki na magharibi ziwe fupi, bila madirisha. Jua kali la jioni halitaingia. Madirisha yatazamane ili upepo upite. Paa litokeze nje, likinge ukuta na mvua. Chini ya bati wekeni dari, hata ya mikeka.

Mzee asianguke

Msiweke ngazi mlangoni. Jengeni mteremko. Kwa kila sentimita 1 ya kwenda juu, mteremko uwe na urefu wa sentimita 12. Mlango uwe na upana wa sentimita 90, kiti cha magurudumu kipite. Chooni wekeni kiti na mti imara wa kushika.

Waulizeni kwanza

Wako wazee wasiotaka kuhama. Shamba lao liko pale, na makaburi ya wazazi wao yako pale. Msiwalazimishe. Hao tengenezeeni nyumba zao palepale walipo.

Ndugu msomaji, lipeleke jambo hili katika mkutano wa kijiji. Andikeni majina ya wazee ambao nyumba zao zinavuja. Kisha kila kaya itoe siku moja ya kazi, kabla ya mvua kuanza.