Kodi ya majengo na bei ya nyumba Kakiika: nani anayelipa?



Tangu Mbarara ilipofanywa jiji tarehe 1 Julai 2020, neno moja limekuwa likizunguka Kakiika, Biharwe na Nyakayojo: kodi ya majengo. Wengine husema kila mwenye nyumba atalipa. Wengine husema bei ya viwanja itaanguka, basi afadhali kuuza mapema. Wenye nyumba za kupangisha nao husema kodi imekuja, kwa hiyo pango lazima lipande. Mfanyakazi wa kiwandani aliyejinyima miaka kumi ili ajenge vyumba viwili, na mchuma chai wa Bushenyi anayetafuta kiwanja karibu na mji, wote wawili wanaweza kupoteza mali yao kwa kuamini maneno haya bila kuyapima. Kwa hiyo tuyapime.

Kwanza tutenganishe maneno. Kwa Kiswahili tunasema "kodi ya nyumba" kwa vitu viwili. Kuna pango, yaani fedha ambazo mpangaji humlipa mwenye nyumba kila mwezi. Na kuna kodi ya majengo, ambayo mwenye jengo huilipa serikali ya mji kila mwaka. Katika makala hii ya kwanza tutaiita pango, na ya pili tutaiita kodi.

SHERIA INASEMA NINI?

Kodi ya majengo Uganda inatokana na sheria ya mwaka 2005. Mwaka huo huo ile kodi ya kichwa, iliyowakimbiza baba zetu porini, ilisimamishwa. Serikali za mitaa zikakosa fungu kubwa la mapato, na ndiyo sababu moja ya miji kuyatazama majengo kwa jicho kali zaidi.

Mambo makuu ya kukumbuka ni haya:

1. Nyumba ambayo mwenyewe anaishi haitozwi kodi hii. Wanaotozwa ni wenye majengo ya biashara na wenye nyumba za kupangisha.

2. Kiwanja kitupu hakitozwi. Kodi inafuata jengo.

3. Kodi haihesabiwi kwa bei ya kuuzia. Mthamini hutazama pango ambalo jengo linaweza kuleta kwa mwaka, akaondoa sehemu kwa ajili ya matengenezo. Kinachobaki ndicho kinachotozwa. Mji hupanga asilimia yake wenyewe, lakini hauwezi kuzidi asilimia 12.

4. Orodha ya uthamini huwekwa mahali pa wazi ili watu waisome. Aliyeandikiwa hesabu kubwa mno ana haki ya kupinga kwa maandishi, na shauri lake husikilizwa na mahakama ya uthamini.

5. Sehemu kubwa ya fedha hizo, asilimia 75, imewekewa kazi za huduma: barabara, taa za njiani, mifereji ya kuzuia mbu, uzoaji wa takataka na upangaji wa mji.

Basi ndugu uliyejenga nyumba yako Kakiika na unaishi humo na watoto wako, usiuze kwa hofu ya kodi hii. Haikuhusu.

Mwenye nyumba ya kupangisha ana kodi nyingine tena, ambayo ni ya mapato na hukusanywa na serikali kuu. Tangu Julai 2022 mtu binafsi hulipa asilimia 12 ya pango la mwaka linalozidi shilingi 2,820,000. Hiyo hulipwa popote nchini, mjini na kijijini, kwa hiyo si jambo lililoletwa na ujiji.

TUPIGE HESABU

Tuchukue mfano. Mtu ana mstari wa vyumba vinne, ile tunayoita mizigo. Kila chumba ni shilingi 100,000 kwa mwezi. Kwa mwaka anapata 4,800,000. Tuseme mnunuzi wa jengo kama hilo anataka fedha yake irudi kwa miaka kumi. Atakuwa tayari kutoa 48,000,000.

Sasa kodi ya majengo inaanza. Tuseme baada ya kuondoa matengenezo mthamini ameandika 3,600,000, na mji umepanga asilimia 5. Kodi ni 180,000 kwa mwaka. Mnunuzi yule yule atahesabu upya: 4,800,000 kutoa 180,000 ni 4,620,000; mara miaka kumi ni 46,200,000. Bei imeshuka kwa 1,800,000.

Tazameni vizuri hapo. Kodi ni 180,000, lakini bei imeshuka mara kumi yake, kwa sababu mnunuzi anaona kodi ya miaka yote inayokuja, naye anaikata leo. Anayeumia ni yule aliyekuwa na jengo siku kodi ilipoanza. Anayekuja baadaye hulipa kodi kila mwaka, lakini alikwisha kupunguziwa bei mlangoni.

Lakini hesabu haiishi hapo. Kama fedha ile ikafanya kazi yake, barabara ikachongwa na kuwekwa mfereji, taa zikawaka na takataka zikazolewa, basi wapangaji watakubali kulipa 110,000 ili wakae hapo. Pango la mwaka linakuwa 5,280,000. Kodi nayo inapanda, tuseme 198,000. Kinachobaki ni 5,082,000, mara kumi ni 50,820,000. Bei imepita ile ya mwanzo kabla ya kodi.

Kwa hiyo kodi peke yake hushusha bei, na huduma huipandisha. Swali la haki ni hili: fedha imekwenda wapi? Mtaa unaolipa na usione barabara umekatwa mara mbili. Huko Marekani miji mingi ya pembezoni huendesha shule zake kwa kodi hii, na mara nyingi nyumba zilizo karibu na shule nzuri huuzwa ghali hata kodi ikiwa kubwa, kwa sababu wazazi wanaona wanachokilipia.

MPANGAJI ANAKATWAJE?

Wengi wetu ni wapangaji. Je, mwenye nyumba anaweza kutubebesha kodi yake?

Inategemea idadi ya vyumba. Pale ambapo vyumba ni vichache na kiwanda kinaajiri watu wapya, atapandisha, na watu watalipa. Pale ambapo vyumba vitupu ni vingi, akipandisha watahama, kwa hiyo atabeba mwenyewe.

Lakini hata akipandisha, kuna kipimo. Turudi kwenye vyumba vyetu vinne. Kodi ya mapato: 4,800,000 kutoa 2,820,000 ni 1,980,000, asilimia 12 yake ni 237,600. Ongeza kodi ya majengo 180,000. Jumla ni 417,600 kwa mwaka. Gawanya kwa vyumba vinne na miezi kumi na miwili: ni 8,700 kwa chumba kwa mwezi. Hizo ni kodi zote mbili pamoja, ya zamani na mpya.

Mwenye nyumba akikuongezea 30,000 na kusema "ni kodi ya serikali", mwonyeshe hesabu hii. Pia sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 2022 inasema pango lisipandishwe zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Chumba cha 100,000 hakiwezi kurukia 130,000.

WENZETU WA JIRANI

Kila nchi imechagua njia yake. Tanzania, tangu mwaka 2021, kodi ya majengo hukatwa kwenye umeme wa LUKU. Mwaka 2023 ilipandishwa kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 za kule kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ukusanyaji umekuwa rahisi, lakini anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji, hivyo kodi ya mwenye nyumba huanza kukatwa mfukoni mwa mpangaji.

Nairobi wao hutoza ardhi yenyewe. Kwa miaka mingi walitumia thamani za mwaka 1980, wakabadili mwaka 2022. Faida ya njia hiyo ni kwamba mwenye kiwanja kitupu naye hulipa. Kwetu hapa tajiri anaweza kushika ekari nzima pembeni ya mji, akaiacha nyasi ziote huku akingoja bei, bila kulipa kodi ya majengo hata senti moja; na barabara ikipita, bei yake inapanda kwa jasho la waliojenga. Hiyo ni sababu mojawapo ya kiwanja cha mfanyakazi kuwa ghali.

NDUGU ZETU WA NAKIVALE

Nakivale, wilaya ya Isingiro, ardhi hutolewa na serikali kwa mkimbizi aitumie. Hana ruhusa ya kuiuza, kwa hiyo hesabu ya bei hapo haipo. Lakini wengi wamekuja Mbarara kutafuta kazi na wamepanga vyumba. Hao nao, kama mwenye nyumba amepandisha pango kwa sababu ya kodi, wameilipa kodi hiyo kupitia mfuko wake. Wana haki ya kuzolewa takataka na kupita njia yenye taa sawa na jirani yao. Mtu asiwaambie kwamba hawachangii mji.

TUFANYE NINI?

Unayeishi nyumbani kwako na kupangisha vyumba vya nyuma: mthamini akija, mwonyeshe wapi unaishi na wapi unapangisha, asije akaandika yote kuwa ya kupangisha.

Unayenunua jengo: mwombe muuzaji risiti za kodi za miaka iliyopita kabla ya kutoa hata shilingi. Kama kuna deni, likatwe katika bei.

Unayepanga: dai risiti ya pango kila mwezi. Bila karatasi huwezi kuthibitisha kwamba umepandishiwa kupita kiasi.

Na sote pamoja: orodha ya uthamini ikibandikwa, tuisome. Katika mikutano ya LC na ya divisheni tuulize ni kiasi gani kimekusanywa Kakiika, na ile asilimia 75 imejenga nini. Mtu mmoja akiuliza huambiwa akae chini. Wakiuliza hamsini, karani hufungua daftari.