Sukari ya maziwa ya mama: kiwanda kinaitoa wapi, na maji ya fromaji yetu inaingilia wapi?



Katika mkutano mmoja huko Masisi, mama mmoja alisimama na kopo tupu la maziwa ya unga mukononi. Muuzaji alimwambia kama ndani kuko "sukari ya maziwa ya mama", na kama mtoto atapata nguvu kushinda yule anayenyonya. Aliuza kuku tano juu ya kununua lile kopo. Akaniuliza: "Agronomu, hiyo sukari banaikamulaka kwa nani?"

Watu walicheka, lakini swali lake ni la muhimu. Ninalijibu hapa.

Ni sukari gani hiyo?

Sukari kubwa ya maziwa ya mama inaitwa laktoze, karibu gramu 70 kwa litre moja. Zaidi ya hiyo kuko sukari zingine ndogondogo, aina zaidi ya 150, ambazo kwa jumla zinafika gramu 5 mpaka 15 kwa litre. Maziwa ya kwanza, ile ya manjano ambayo wengine wanaimwanga, iko nazo nyingi zaidi. Maziwa ya ng'ombe iko nazo kidogo sana.

Jambo la kushangaza: mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga. Zinapita mpaka kwenye utumbo mukubwa, na huko zinalisha bakteria wazuri wanaoitwa bifidobakteria. Ni kama shamba: ukilisha mimea mizuri, magugu inakosa nafasi. Tena, kuko vijidudu vya ugonjwa vinavyojishika kwenye sukari hizo badala ya kujishika kwenye ukuta wa utumbo, halafu vinatoka pamoja na kinyesi.

Kiwandani wanafanya namna gani?

Hakuna mama anayekamuliwa. Kazi inafanywa na bakteria na enzimu, na nyinyi munajua kazi ya namna hiyo. Kwenye kasiksi, vijidudu vya chachu vinakula sukari ya ndizi na kutoa pombe. Kwenye fromaji, prezire inagandisha maziwa. Prezire ni enzimu: mufanyakazi mudogo mwenye kazi moja tu, kukata ao kuunganisha.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa Grenoble, Ufaransa, walionyesha njia hii kwa kutumia bakteria aina ya koli, ndugu ya wale wanaoishi ndani ya matumbo yetu:

1. Wanamwekea bakteria jeni mpya, ni kusema maagizo ya kutengeneza enzimu ya kuunganisha sukari.
2. Wanamwondolea enzimu yake ya kukata laktoze, juu asiikule.
3. Wanamuweka ndani ya tanki safi, wanampa chakula chake, na wanaongeza laktoze. Bakteria anaunganisha sukari ndogo, fukoze, juu ya laktoze.
4. Sukari mpya inatoka ndani ya maji. Bakteria wanachujwa na kutupwa, sukari inasafishwa na kukaushwa kuwa unga.

Unga huo unaitwa 2'-fukozilaktoze. Umoja wa Ulaya uliruhusu kuuweka katika maziwa ya watoto mwaka wa 2016. Ni kitu cha kweli, haiko uchawi wala sumu. Lakini mara nyingi kopo linakuwa na aina moja, mbili, ao tano. Mama iko na zaidi ya 150.

Kuko njia ingine bila bakteria ndani ya tanki: enzimu peke yake inaunganisha vipande vya laktoze. Sukari inayotoka haifanani kabisa na ya mama, lakini inalisha bakteria wale wale. Huko Msambweni, pwani ya Kenya, watafiti waliiweka katika uji wa mahindi wa watoto waliokuwa wanapewa unga wa madini ya chuma. Matokeo yalitoka mwaka wa 2017: chuma peke yake ilipunguza bifidobakteria, lakini ikichanganywa na sukari hiyo, bifidobakteria walibaki.

Laktoze inatoka wapi?

Hapa inatuhusu sisi. Viwanda vinatoa laktoze katika maji ya fromaji. Ukitengeneza fromaji kwa litre 10 za maziwa, unapata karibu kilo moja, na karibu litre 9 za maji zinabaki. Ndani yake kuko karibu gramu 400 za laktoze. Sisi tunaimwanga.

Je, tunaweza kutengeneza ile sukari hapa Masisi? Kwa leo, apana. Inaomba matanki, umeme usiokatika na laboratware. Musijaribu kwenye bidon. Na maji ya fromaji musimpe mtoto muchanga.

Tunaweza kufanya nini?

- Maji ya fromaji isiyo na chumvi, ya siku ile ile, mupe nguruwe. Muanze kidogo kidogo juu wasihare. Musiimwange mtoni: ikioza inamaliza hewa ya maji, samaki wanakufa.
- Musitupe maziwa ya kwanza ya manjano. Mtoto anyonye peke yake miezi 6, bila maji wala uji, halafu aendelee kunyonya pamoja na chakula mpaka miaka 2 na zaidi.
- Unga wa kopo unaomba maji safi na kopo lingine kila mara. Wakati wa kukimbia vita, vyote viwili vinakosa, na kuhara inaua. Mama asiyeweza kunyonyesha aende kituo cha afya, asiende kwa muuzaji.
- Huko Walikale, ambako ng'ombe ni wachache, mama anayenyonyesha apate sombe na mafuta ya ngazi, maharagwe, karanga, samaki.
- Koperative iandike katika sheria zake: siku ya kazi ya pamoja, mwanamemba anayenyonyesha apate kivuli na saa ya kunyonyesha, na asikatwe sehemu yake.

Yule mama nilimujibu hivi: hiyo sukari wanaitengeneza kwa kuiga yako. Wale kuku tano wangekaa nyumbani, wewe ungekula mayai, mtoto angenyonya, na sukari zote angezipata bila kulipa faranga hata moja.