Kompyuta za mkononi zitatengenezwa na nani?



Natoa maoni yangu kuhusu kompyuta za michezo za kushika mkononi, ambazo vijana wa huku Mbagala na hata Mwananyamala wanazililia kwa wazazi wao.

Chukua Steam Deck, iliyotolewa na kampuni ya Valve ya Marekani mwaka 2022. Sikatai, ina uzuri wake. Umeme ukikatika kijana anaendelea kucheza. Betri hukaa saa 2 hadi 8 kufuatana na uzito wa mchezo. Kompyuta ya mezani huzimika papo hapo, na leptopu ya michezo hula betri upesi mno.

Lakini ikiharibika je? Mimi ni fundi. Kompyuta ya mezani naibadilishia memori, pawa saplai au kadi ya picha, kimoja kimoja, na vipuri vilivyotumika vipo Kariakoo. Leptopu nyingi nazo hubadilishwa memori na diski. Steam Deck diski yake hubadilika, lakini memori imechomelewa kwenye bodi. Ikifa hiyo, fundi wa mtaani hana la kufanya.

Wapo wanaosema ni kompyuta kamili. Kweli, ukiiongezea kioo na kibodi utaandika hata barua hii. Ila hapo umekwisha nunua ya mezani kwa mafungu!

Nawaomba wanaoziingiza nchini waandike kwenye risiti, kabla ya kupokea fedha ya mzazi, nani atazitengeneza na wapi.

Fundi Kompyuta,
Mbagala, Dar es Salaam.