Kuifufua Vespa Kuukuu

Mtu apitaye katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja, kutoka Mkunazini kwenda Kiponda au kutoka Malindi kwenda Shangani, hana budi kujibanza ukutani kila mara kuipisha Vespa. Kwani njia zile zilijengwa kwa ajili ya watu waendao kwa miguu, punda na magari ya hamali, na katika vyombo vyote vya moto vilivyofuata, hiki ndicho kilichoweza kupatana nazo bila ya kuzidai upana zisiokuwa nao. Vespa imewachukua walimu kwenda skuli na makarani kwenda afisini, imebeba vikapu vya samaki na madumu ya maji, na katika nyumba nyingi ilikuwa chombo cha kwanza cha moto ambacho ukoo ulipata kukimiliki. Zilipokuja pikipiki mpya za bei nafuu kutoka India na China, nyingi katika Vespa hizo zilisukumwa uani, zikafunikwa turubai, zikaachiwa kuku na hewa ya chumvi. Maneno haya nayaelekeza kwa yule ambaye kwake ipo moja iliyosahauliwa namna hiyo, mwenye banda lisilovuja, spana chache na wasaa wa Jumamosi, na ambaye moyo wake unamtuma kuifufua kwa mkono wake mwenyewe. Rai yangu, ambayo najua ni kinyume cha desturi ya wengi, ni kwamba aanze ndani, kusikoonekana, na rangi aifanye kazi ya mwisho kabisa.

Inafaa kwanza ajue chombo hiki kilitoka wapi, maana nasaba yake ndiyo imfanyayo fundi wa nyumbani aweze kukimudu. Kiwanda cha Piaggio huko Pontedera, Italia, kilikuwa kikiunda ndege hata kikabomolewa kwa mabomu katika Vita Kuu ya Pili, na vita vilipokwisha, Enrico Piaggio alitafuta kitu ambacho raia wenye fedha kidogo na barabara mbovu wangeweza kukinunua. Kazi hiyo ilimwangukia Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege ambaye hakuzipenda pikipiki hata kidogo, kwa kuwa ziliwachafua wapandaji, na tairi lake likitoboka kulibadilisha ilikuwa adhabu. Hataza ya chombo alichokibuni iliwekwa tarehe 23 Aprili 1946, na toleo la kwanza lilikuwa na injini ya sentimita za ujazo 98 tu. Kila alichokichukia katika pikipiki alikiondoa: injini akaiweka ubavuni mwa gurudumu la nyuma, mnyororo ukawa hauna kazi tena, gia akazihamishia mkononi, bati la bodi akalifanya kuwa mifupa yenyewe ya chombo, na gurudumu la mbele akalishika kwa upande mmoja, kwa namna magurudumu ya ndege yanavyoshikwa, ili lifunguliwe upesi njiani. Kwa hiyo injini nzima ya Vespa hushuka chini kwa kufungua bolti kubwa moja inayoibeba, bolti ya shokomzoba ya nyuma, kebo na waya zake, na mtu mmoja aliyejipanga vizuri anaweza kuibeba hadi juu ya meza bila ya kuita jirani.

Hii niliyo nayo mimi ni ya marehemu ami yangu, PX ya 150, katika jamii iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1977. Injini iliyolala miaka haifai kupigwa kiki siku ya kwanza, hata kama mwenyewe ana hamu kubwa ya kuisikia. Plagi hutolewa, oili kidogo ikamiminwa katika tundu lake, na injini ikaachwa hadi kesho yake. Kisha magneti huzungushwa kwa mkono, taratibu, huku na huku. Ikizunguka, mtu ashukuru na aendelee. Ikikataa, ringi zimeshikana na silinda kwa kutu, na dawa yake ni oili nyingine na subira nyingine, si nyundo. Kila nati inayofunguliwa iwekwe katika kifuko chake chenye jina, na kila waya upigwe picha kabla ya kuguswa, maana akili ya leo hukosa amana mwezi ujao.

Petroli iliyokaa muda mrefu hugeuka utomvu unaonata, na utomvu huo huziba jeti za kabureta, ambazo vijitundu vyake ni vyembamba hata jicho linavitafuta. Wapo wanaovizibua kwa sindano au waya, nao huvipanua bila ya kujua, na tangu siku hiyo kipimo cha petroli kinaharibika moja kwa moja; jeti hulowekwa na kupulizwa kwa pampu, basi. Tangi nalo hutolewa, likatiwa siki au maji ya ndimu pamoja na kokoto safi, likatikiswa na kulazwa, likatikiswa tena, hata maji yanayotoka yasiwe mekundu. Mabaki ya ukali hutulizwa kwa maji ya magadi, tangi likakaushwa juani siku hiyo hiyo na kupakwa oili ndani, maana chuma kilichooshwa na kuachwa kibichi katika hewa yetu hushika kutu kabla ya jua kuchwa.

Sasa nafika mahali ambapo namwomba msomaji asiwe na haraka. Injini hii ni ya mipigo miwili, na katika injini za namna hiyo chumba kilichomo krenki si mahali pa chuma kuzunguka tu, bali ndicho kifua kivutacho hewa na petroli kabla ya kuzipandisha juu ya pistoni. Krenki hutokeza nje ya chumba hicho kwa pande mbili, na kila upande huzibwa kwa pete ya mpira iitwayo sili. Mpira uliokaa miaka bila ya kazi hukakamaa. Sili za Vespa ya ami yangu zilivunjika vipande vipande kiganjani mwangu. Sili ya upande wa magneti ikiachia, injini huvuta hewa isiyopimwa na kabureta, mchanganyiko ukawa mwepesi, injini ikavuma yenyewe ilhali mkono haujaongeza moto, joto likapanda, na mwishowe pistoni ikanasa katika silinda, pengine katikati ya barabara. Sili ya upande wa klachi ikiachia, kifua hicho huvuta oili ya gia, eksozi ikatoa moshi mweupe mzito, na oili ikapungua bila ya tone moja kuonekana sakafuni. Watu wengi hununua kabureta mpya na plagi za thamani kwa maradhi ambayo shina lake ni pete mbili za mpira, na kwa sababu kuzifikia kwataka injini ipasuliwe nusu mbili, fundi mwenye haraka hapendi kuzitaja.

Kabla ya kuipasua, injini isuguliwe nje kwa brashi na mafuta ya taa hata isibaki na chembe ya mchanga. Ndani yake, chini ya mahali inapokaa kabureta, pana uso mdogo wa alumini uliochongwa kwa usahihi mkubwa, na chuma cha krenki hupita juu yake kwa upenyo mwembamba mno, kikifungua na kufunga njia ya hewa kila kizunguko. Hiyo ndiyo vali ya injini nzima. Punje moja ya mchanga yatosha kuukwangua, na uso uliokwanguliwa sana haurudishwi kwa msasa. Maadamu injini imekwisha funguliwa, beringi zote zibadilishwe, na msalaba wa gia uangaliwe pembe zake: zikiwa zimelika, gia hujitoa yenyewe mtu anapoongeza moto, aghalabu ya pili. Vipuri vya LML ya Kanpur, India, iliyopata kuunda Vespa kwa idhini ya Piaggio, huingiliana kwa sehemu kubwa na vya PX, nami sioni aibu kuvitumia; ila kwa sili na beringi mtu asitafute rahisi.

Katika magurudumu ipo hatari moja. Rimu ya Vespa ni vipande viwili vilivyofungwa pamoja kwa nati, na nati nyingine hulifunga gurudumu kwenye ngoma ya breki. Anayefungua zile za rimu ilhali tairi lina upepo hukutana na chuma kinachoruka kwa nguvu ya kuvunja mkono. Upepo utolewe wote kwanza, hata kama tairi laonekana limelala.

Baada ya hayo ndipo bodi. Kwa kuwa bati ndilo mifupa, kutu ya Vespa si ila ya uso tu, na mahali pa kuitafuta ni chini ya sakafu ya kuwekea miguu, hasa penye kanyagio la breki na chini ya mipira ya sakafu, ambamo maji ya mvua na chumvi hujificha. Bisibisi ikigongwa pale na kupenya, bati hilo likatwe hata lifikiwe zima, na jipya lichomelewe. Kujaza puti juu ya tundu ni kumdanganya atakayepanda nyuma yako. Mimi niliondoa rangi ya juu kwa msasa laini wa maji, nikakuta chini yake ile ya kiwandani, ya samawati, ingali nzima katika sehemu nyingi, nami nikaiacha ilivyo na kupaka penye bati jipya tu. Bonyeo la ubavuni, ambalo ami alilipata kwenye nguzo ya mlango wake mwenyewe, sikulinyoosha. Wako watakaoona kazi haikukamilika. Rai yao naiheshimu, lakini Vespa inayong'aa kuliko siku iliyotoka kiwandani imepoteza kitu ambacho hakiuzwi dukani.

Chombo kikisimama, petroli yake ichanganywe na oili ya mipigo miwili kwa asilimia 2, yaani mililita 20 kwa kila lita, kwa sababu pistoni haina mafuta mengine ya kuilainisha. Oili ya gia ni mililita 250, na hubadilishwa mapema baada ya mwendo wa kwanza, kwa ajili ya vumbi la chuma kipya. Kilomita za mwanzo ziendeshwe kwa upole, bila ya kupanda mlima kwa gia kubwa. Kisha plagi itolewe na isomwe: nyeupe ni dalili ya hewa iliyozidi, na mtu arudi kwenye sili na kabureta kabla hajaendelea, nyeusi yenye masizi ni petroli au oili iliyozidi, hudhurungi ndiyo itakiwayo. Yangu ilitoka hudhurungi, nami nimeweka nyingine ya akiba kisandukuni pamoja na kebo ya klachi, kwa kuwa kebo hiyo hukatika bila ya kuaga, na kwa kawaida mbali na nyumbani.