Njia za Hisia na Mwendo Ndani ya Ugwe wa Mgongo
Ndani ya seli ya neva iliyotulia mna chaji hasi ya takriban milivolti 70 ikilinganishwa na nje, na seli hiyo inaposisimuliwa vya kutosha, ioni za sodiamu huingia kwa kasi na kuifanya chaji iwe chanya, kisha ioni za potasiamu hutoka na kurejesha hali ya awali. Badiliko hilo ndilo msukumo wa neva, ambao ukifika mwisho wa seli humwaga kemikali zinazoathiri seli inayofuata.

Katika ugwe wa mgongo, yaani fungu la neva linalolindwa na pingili, misukumo ya hisia za maumivu na joto huvuka upande wa pili karibu na mahali inapoingia, ilhali ile ya hisia za mtetemo na ya amri nyingi za mwendo huvukia katika sehemu ya chini ya ubongo. Ndiyo maana, kama alivyoonyesha Charles-Édouard Brown-Séquard, daktari aliyezaliwa Morisi mwaka 1817, ugwe ukikatwa nusu ya kulia, mguu wa kulia hupooza, lakini mguu usiohisi mchomo wa sindano ni wa kushoto.

Kwa kuwa jeraha la ugwe linaweza kupooza mwili na kuondoa hisia namna hiyo, majeruhi wa ajali asiinuliwe ovyo, bali shingo na mgongo wake vitulizwe mpaka wahudumu wa afya wafike.