Daftari jepesi la kompyuta kwa mfanyabiashara wa mpakani: achague lipi?

Mfanyabiashara anayevusha mchele kutoka Tanzania kwenda Kenya, au mahindi kutoka Uganda kwenda Sudan Kusini, hupoteza fedha kwa njia zinazojulikana: bei hushuka, lori huharibika, mzigo hunyeshewa. Njia nyingine, isiyozungumzwa sana, ni kusahau kilichokubaliwa au kukiandika vibaya.

Bei iliyopatanwa kwa simu, namba ya lori, deni ambalo mteja ameahidi kulimaliza mwisho wa mwezi, sharti jipya lililotajwa na wakala wa forodha: mambo haya hayana safu yake katika kitabu cha mauzo. Huandikwa nyuma ya risiti, au huachwa ndani ya ujumbe wa simu ambao baada ya wiki mbili hauonekani tena.

Wapo wengi sasa wenye kompyuta ya mezani dukani au ghalani, mara nyingi ya mtumba, iliyonunuliwa kwa ajili ya kuchapa ankara na kusoma barua pepe. Kompyuta hiyo inatosha pia kuwa daftari la kumbukumbu, ilimradi mwenyewe achague programu inayolingana na uwezo wake.

Uzito unapimwaje?

Uzito wa kwanza ni wa RAM. Kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 4 inapaswa kuendesha Windows, kivinjari na antivairasi kabla mtumiaji hajaandika neno lolote. Programu nyingi za kisasa za kumbukumbu zimejengwa kwa mfumo uitwao Electron, ambao hubeba ndani yake kivinjari kizima cha Chromium. Ndiyo maana programu inayoonekana kama ukurasa mtupu huweza kula mamia ya megabaiti.

Maandishi yenyewe ni mepesi mno. Kiswahili hutumia herufi za kawaida zisizo na alama za ziada, na kila herufi katika faili la maandishi matupu huchukua baiti moja tu. Ukurasa wenye herufi 2,000 ni sawa na kilobaiti 2 hivi, kwa hiyo megabaiti moja hubeba kurasa takribani 500. Daftari la mwaka mzima huweza kuwa dogo kuliko picha moja iliyopigwa kwa simu.

Uzito wa pili ni wa bando. Programu inayohifadhi kila kitu kwenye intaneti humlazimu mtumiaji kuwa na mtandao na akaunti. Mtandao ukikatika wakati mteja yuko mbele ya kaunta, daftari nalo huenda lisifunguke.

Uzito wa tatu ni wa kuhama. Programu ikibadilisha masharti au ikifungwa, je, maandishi yanaweza kutolewa na kusomwa kwingine? Evernote, iliyokuwa maarufu kwa miaka mingi, ilipunguza huduma yake ya bure mwishoni mwa mwaka 2023 hadi kumbukumbu 50 na daftari moja. Kwa mwenye wateja 200, kikomo hicho ni sawa na kufungiwa mlango.

Machaguo yaliyopo

Notepad imo ndani ya Windows tangu toleo la kwanza la mwaka 1985. Haihitaji kununuliwa wala kupakuliwa. Kitufe cha F5 huandika saa na tarehe palepale. Zaidi ya hayo, faili ambalo mstari wake wa kwanza una herufi .LOG peke yake, kwa herufi kubwa, huongezewa saa na tarehe kila linapofunguliwa. Kwa daftari la madeni, hiyo ni huduma kubwa isiyo na gharama.

Udhaifu wake ni kwamba matoleo ya zamani hayahifadhi yenyewe: umeme ukikatika kabla ya kubonyeza Ctrl na S, maandishi yamekwenda. Toleo jipya la Windows 11 hukumbuka kurasa zilizokuwa wazi. Hata hivyo, Notepad haina neno la siri.

Notepad++ ni programu nyingine, ya bure, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2003 na Don Ho. Hufungua mafaili mengi katika dirisha moja na huhifadhi nakala ya muda ya maandishi ambayo bado hayajahifadhiwa. Faida yake kubwa ni kutafuta: jina la mteja likiandikwa mara moja, programu hulisaka katika mafaili yote ya folda nzima. Inafanya kazi kwenye Windows pekee, na inafaa kupakuliwa kutoka tovuti yake rasmi tu.

CherryTree humfaa anayetaka mpangilio wa matawi. Tawi moja linaweza kuwa Busia, jingine Mutukula, na chini ya kila moja yakawekwa majina ya wauzaji, wasafirishaji na nyaraka zinazotakiwa. Kazi yote huweza kukaa katika faili moja lenye neno la siri. Ni ya bure, na hutumika kwenye Windows na Linux.

Joplin na Obsidian ni nzito zaidi kwa sababu zote mbili zinatumia Electron. Zina faida ya kufunguka kwenye simu pia. Joplin huweza kusimba maandishi kabla ya kuyatuma kwenye hifadhi ya mtandaoni. Obsidian huyaweka kama mafaili ya maandishi matupu ndani ya folda ya mtumiaji, hivyo hata ikiondolewa, kazi inabaki. Mwenye RAM ya gigabaiti 8 au zaidi anaweza kuzifikiria.

OneNote ya Microsoft inapatikana bure na ina uwezo mkubwa wa picha na michoro, ila imefungamana na akaunti na hifadhi ya mtandaoni. Google Keep nayo hutumika ndani ya kivinjari. Zinawafaa wenye intaneti ya uhakika.

Wenye kompyuta za mtumba wakumbuke pia kwamba Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 Oktoba 14, 2025. Anayefikiria kuhamia Linux achague mapema daftari linalohama naye.

Shilingi ipi, saa ipi?

Programu nzuri haitamsaidia anayeandika nusunusu. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki zipo shilingi za Kenya, Tanzania, Uganda na Somalia, na faranga za Rwanda, Burundi na Kongo. Kumbukumbu isemayo “anadaiwa 50,000” ni mwanzo wa ugomvi, kwa kuwa shilingi 50,000 za Kenya ni fedha nyingi mara kadhaa kuliko shilingi 50,000 za Tanzania au za Uganda.

Dawa yake ni kutumia vifupisho vya benki kila mara: KES, TZS, UGX, SOS, RWF, BIF, CDF na SSP ya Sudan Kusini. Pembeni iandikwe thamani ya ubadilishaji iliyokubaliwa siku hiyo, kwa maana siku ya kulipa itakuwa nyingine.

Saa nayo ina mtego. Kenya, Tanzania na Uganda ziko mbele kwa saa moja ukilinganisha na Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo. Lori lililopangiwa saa mbili asubuhi upande wa Tanzania pale Rusumo, ni saa moja asubuhi upande wa Rwanda. Kumbukumbu itaje saa ya nchi gani.

Majina ya mafaili yaanze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, mathalani 2026-03-14. Kompyuta itayapanga yenyewe kwa mfuatano. Faili moja litengwe kwa ajili ya nyaraka za mpakani. Mathalani, Jumuiya ina cheti kilichorahisishwa cha uasili wa bidhaa kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani. Anayekitumia aorodheshe bidhaa alizopitisha, tarehe na kituo.

Jaribio kabla ya kuhamia

Kabla ya kuingiza wateja wote, programu ijaribiwe kwa wiki moja na kumbukumbu chache. Zima intaneti, kisha uone kama inafunguka. Andika mistari mitatu bila kuhifadhi, ifunge programu kwa nguvu kupitia Task Manager, kisha uifungue tena uone kilichobaki. Usichomoe waya wa umeme kufanya jaribio hilo, kwani huweza kuharibu diski.

Nakili faili kwenye flashi na ulifungue katika kompyuta nyingine. Mwisho, tafuta jina la mteja mmoja na uhesabu sekunde. Programu ikishindwa majaribio mawili, haifai, hata kama sura yake inapendeza.

Nakala, siri na ushahidi

Daftari lililoko kwenye kompyuta moja tu linaweza kupotea siku moja kwa wizi, moto au diski kufa. Kila jioni ya mwisho wa wiki nakala iende kwenye flashi inayolala nyumbani, na nyingine itumwe kwa barua pepe ya mwenyewe. Kwa faili la kilobaiti chache, bando halitahisi.

Siri za wateja zilindwe. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Namba za vitambulisho na simu zisiachwe wazi kwenye kompyuta inayotumiwa na kila mfanyakazi. Angalau kila mtumiaji awe na akaunti yake ya Windows yenye neno la siri.

Sheria za Kenya, Uganda na Tanzania zinatambua ushahidi wa kielektroniki, lakini anayeuleta hutakiwa kuonyesha kuwa ni wa kuaminika. Faili la maandishi matupu hubadilishwa na yeyote anayelifikia, na mdaiwa mjanja atalisema hilo mbele ya hakimu. Kwa hiyo deni kubwa bado linahitaji karatasi yenye saini za pande zote mbili. Kazi ya daftari la kompyuta ni kumwonyesha mwenyewe karatasi hiyo iko wapi, ilisainiwa lini na kwa fedha ya nchi gani.

Asiye na uhakika aanze na Notepad na faili moja la madeni. Likizidi kurasa kumi na kutafuta kukawa kugumu, ahamie Notepad++ au CherryTree, na hatapoteza alichoandika, kwa kuwa maandishi matupu hufunguka karibu kila mahali.